Konzi ya Bilonda

Kwa miaka mingi Ernestine alihesabu vitenge vya Bilonda, na kila alipohesabu alipata vitatu. Kimoja kilikuwa cha kijani chenye picha za samaki. Kimoja kilikuwa cha chama, ambacho kila mwanamke wa Zaire alikuwa nacho. Cha tatu kilikuwa cha rangi ya kahawia, kimepauka mpaka hakuna aliyekumbuka kiliwahi kuwa na maua gani. Diwani mzima wa zone, yaani wilaya, mwanamke aliyeketi meza moja na kamishna, alipita kati ya nyumba za Kapata, mtaa wa wachimbaji wa Kolwezi, kwa kandambili za plastiki na vitenge vitatu! Ernestine aliviangalia vikianikwa kambani, akangoja cha nne. Cha nne kingemwambia kwamba Bilonda naye amekula. Angeiba hata kilo moja ya sukari, Ernestine angepata usingizi.

Lakini wivu hauzaliwi ukiwa mtu mzima. Huu nao ulikuwa na utoto wake.

Mwaka wa sabini na nne Ernestine alikuwa na miaka thelathini. Alikuwa ametoka Musumba, kwa masista, na cheti cha ushonaji na saa ya mkononi. Kampuni ya shaba ilimweka kuwa mwalimu wa Foyer, jumba la akina mama pale Kapata, ambako wake za wafanyakazi walijifunza kushona, kupika na kulea watoto wachanga. Bilonda alikuwa msaidizi wake, msichana wa miaka ishirini na miwili, binti wa mchimbaji aliyeletwa kutoka Kasai zamani. Bilonda mwenyewe alizaliwa Kapata, mstari wa tisa wa nyumba za kampuni. Kasai aliijua kwa masimulizi ya baba yake tu, kama wengine wanavyoijua mbingu.

Siku zile kampuni ilimpa kila mfanyakazi posho ya unga kwa mwezi, kulingana na idadi ya watoto wake. Mume akifa, posho ilikufa naye. Wiki moja iligundulika kwamba mjane wa mstari wa nne alikuwa akiwasha moto kila jioni na kuteleka sufuria ya maji matupu, ili majirani waone moshi wasimwonee huruma. Habari hiyo ilimfikia Ernestine. Akamkumbuka bibi yake wa Musumba, ambaye kabla ya kumwaga unga kwenye maji yanayochemka alirudisha kikapuni konzi moja, kile kiasi mkono uliofumbwa unachoweza kushika. "Hii," bibi alisema, "ni ya yule ambaye leo hatukumsikia akitwanga."

Jumatatu Ernestine akawaambia wanawake wa Foyer: kila nyumba, kila jioni, konzi moja irudi. Ijumaa zikusanywe, zipelekwe kwa wajane. Wote wakakubali. Ndipo likaja swali la nani atapita na kikapu.

Ernestine akaitazama saa yake, akavitazama viatu vyake vyenye visigino. Mwalimu wa Foyer kupita mlango kwa mlango na kikapu kichwani, kama mwombaji?

"Yaya, weye ukae," Bilonda akasema, akimwita dada mkubwa kwa heshima. "Mi niko na miguu. Nitapita nayo."

Hivyo Ernestine alitoa wazo, Bilonda akatoa shingo. Na watu hawaoni wazo likipita barabarani. Watoto waliona kikapu, na chini ya kikapu waliona msichana mrefu akicheka na kila mtu, wakakimbia mbele yake wakipiga kelele: "Konzi ya Bilonda inakuja! Konzi ya Bilonda!" Kabla mvua za mwaka ule hazijaisha, jina lilikuwa limekauka kama saruji.

Mwanzoni Ernestine alicheka. Mwaka wa pili aliacha kucheka. Mwaka wa tatu, mbele ya wanawake, alisema kwa sauti ya kawaida, "Lile jambo letu la konzi, nililolianzisha," na mwanamke mmoja akamtazama kwa mshangao wa upole, jinsi mtu anavyomtazama mgonjwa anayedai kwamba amekula.

Bilonda hakuishia kwenye kikapu. Alipokuwa akipita milangoni alisikia mambo, na alichokisikia hakukiacha mlangoni. Alikwenda ofisini kwa kampuni, akaketi kwenye benchi siku nne mfululizo, mpaka wakubwa wakakubali mjane asihamishwe kabla ya watoto kumaliza mwaka wa shule. Mwaka wa themanini na mbili, chama kiliporuhusu watu wachague madiwani wa zone, akina mama wa Kapata walimsukuma mbele. Akashinda. Wenzake barazani walipiga makofi na kuimba sifa. Yeye alisimama na kuuliza kwa nini mabomba ya mstari wa kumi na mbili yamekauka. Walimsimamisha mwaka mzima kwa kukosa nidhamu. Akarudi kwenye kikapu. Wakati huo mashua ilizama kule ziwani Nzilo, naye alikwenda kwa miguu kuwatafutia vyeti vya kuzaliwa mayatima wa wavuvi, maana bila cheti hakuna shule wala zahanati. Uchaguzi uliofuata alipata kura nyingi zaidi ya za kwanza.

Siku moja alizungumza redioni. Ernestine alikuwa akichemsha maharagwe. "Hii konzi," sauti ya Bilonda ikasema, "ilianza kwetu Kapata, mustari wa tisa." Ernestine alikuwa mstari wa tano. Akaizima redio, akasimama akiitazama, na maharagwe yakaungua.

"Leo amekuibia nini tena?" aliuliza mumewe, Barnabé, karani wa kampuni, alipoisikia harufu.

"Hakuna."

"Basi huyo hakuna ametuunguzia chakula."

Barnabé alikuwa na mzaha wa namna hiyo. Alifariki mwaka wa themanini na nane, ghafla, kwa moyo, na Ijumaa ya kwanza baada ya mazishi, konzi ikaja mlangoni kwa Ernestine. Diwani alikuja nayo mwenyewe, kitenge cha samaki kiunoni, kikapu kichwani.

"Yaya, pokea."

"Nina unga."

"Najua uko nayo. Pokea tu."

Hakupokea. Bilonda akauweka ule mfuko kizingitini, akaenda zake. Mfuko ukakaa pale siku tatu, Ernestine akiuruka kila alipotoka na kila alipoingia. Siku ya nne akaupika. Ulikuwa unga mtamu, jambo ambalo hakumsamehe Bilonda.

Kisha mambo yakaharibika. Mgodi wa chini ya ardhi uliporomoka, shaba ikapungua, askari wakapora maduka ya mji, na kampuni iliyokuwa baba na mama wa Kapata ikawa kama baba mlevi: ipo, lakini haileti kitu. Foyer ikafungwa. Posho ikawa nusu, kisha robo, kisha ahadi. Hata hivyo konzi haikufa. Ilisinyaa kidogo, maana mkono wa mwenye njaa hushika kidogo, lakini kila Ijumaa ilimwagwa katika pipa la plastiki la buluu lililokaa nyumbani kwa Bilonda. Juu ya pipa mtu alikuwa ameandika kwa rangi nyeupe: KONZI YA BILONDA.

Mwaka wa tisini na mbili yakaja yale maneno. Kwenye mikutano wakubwa wa Katanga walisema kwamba kazi zimekwisha kwa sababu ya watu wa Kasai, na warudi kwao. Kwanza Likasi, kisha Kolwezi. Vijana walipita wakiweka alama kwenye milango. Mtu aliyezaliwa Kapata, akabatizwa Kapata, akamzika baba yake Kapata, aliambiwa aende kwao. Kwa hofu ile, watu walianza kuwasalimu majirani zao kwa macho tu, midomo imefungwa.

Asubuhi moja ya mwezi wa tatu, mwaka uliofuata, Ernestine alimwona Bilonda akipita na watoto wake watatu, godoro likiwa juu ya toroli la kukodi, wakielekea kwenye stesheni ya treni. Alikuwa nyuma ya pazia. Na katika moyo wake, ambao ulimpenda Mungu na kufunga kila Kwaresima, sauti ndogo ikasema: *Sasa anaondoka.* Ernestine akakaa kitandani. Aliona aibu, lakini sauti haikunyamaza.

Siku ya pili akaja Mwenze, mkuu wa mstari, mwanaume wa miaka thelathini ambaye kampuni ilimwachisha kazi. Alikuwa amelipakia lile pipa la buluu kwenye toroli, akalitua taratibu mlangoni.

"Hodi, Mama Ernestine."

"Karibu. Unaleta nini hivi?"

"Fût ya konzi. Bilonda iko ku gare na bandugu yake. Sasa hii ni yako."

"Yangu kwa nini?"

"Batu bote banajua ni weye ulianzaka. Mama yangu alituambiaka tangu zamani."

Ernestine akashika mwimo wa mlango. Miaka kumi na tisa alikuwa ameyangoja maneno hayo, na sasa yalimfikia kwa mdomo huu.

"Dimanche nitaleta peinture," Mwenze akaendelea. "Tunafuta ile jina, tunaandika KONZI YA ERNESTINE. Lakini sikia muzuri, mama. Hata konzi moja haiendi ku gare. Bale bilulu bakakule kwabo."

"Bilulu ni wadudu, Mwenze. Ni wadudu waliokulisha? Mjane wa mstari wa nne aliyekuwa anachemsha maji ni mama yako."

"Nilikula unga ya Katanga."

"Uliletwa na Bilonda."

"Ni juu ya ile tunabadilisha jina," Mwenze akasema, akaenda zake akipiga mluzi.

Alipobaki peke yake Ernestine alilifungua pipa. Tusimpambe: hakulifungua kwa ajili ya wenye njaa. Alilifungua ili aone Bilonda amechota kiasi gani. Mtu anayefukuzwa, mwenye watoto watatu, anayekwenda kulala kwenye reli bila kujua treni itakuja lini, nani asingechota? Hata Ernestine angechota. Alifunua kifuniko kwa haraka, kama mke anayefungua barua ya mumewe.

Unga ulikuwa umejaa mpaka nusu, umesawazishwa kwa kiganja, na juu yake kikombe cha bati kimelazwa kifudifudi. Hakuna aliyegusa.

"Hata leo!" Ernestine akasema kwa sauti. "Hata leo, wewe mwanamke!"

Hasira ile ndiyo iliyomwinua. Hakuweza kuvumilia Bilonda aondoke Kolwezi akiwa msafi namna ile, yeye abaki na pipa lisiloguswa na jina lililopakwa rangi na Mwenze. Akachukua beseni lake kubwa, akachota mpaka likajaa. Akatafuta toroli, hakuna aliyekubali kubeba unga wa kwenda stesheni. Basi akasokota kitambaa, akakiweka kichwani, na kwa mara ya kwanza maishani mwake Ernestine, mwalimu wa Foyer, akapita Kapata mchana kweupe na konzi juu ya kichwa.

Shingo ilimuuma kabla hajafika mstari wa saba. Watu walitoka milangoni. Mwanamke mmoja akatema mate. Mwingine akaangalia huku na huku, akanyoosha mkono, akadondosha konzi moja katika beseni bila neno, akarudi ndani upesi. Kisha mwingine. Kutoka Kapata hadi mjini ni mwendo wa saa mbili, naye alikuwa na miaka arobaini na tisa, na njia nzima alikuwa akiyapanga maneno atakayomwambia Bilonda.

Stesheni ilikuwa imekuwa mji. Watu walilala chini ya milango waliyoing'oa kwenye nyumba zao, chini ya meza, kati ya cherehani na masanduku. Watoto walikohoa. Bilonda alikuwa kwenye bomba, akimfokea karani wa reli kwa sauti iliyokauka:

"Tata, maji haina kabila! Ufungue!"

Karani akafungua. Bilonda akageuka, akamwona.

Alikuwa amevaa kile cha kahawia. Bila kutaka, Ernestine akatafuta vingine kwa macho, akaviona: cha samaki na cha chama vilikuwa vimefungwa juu ya vijiti, kuwa kivuli cha mama aliyejifungua jana yake. Akahesabu tena. Kimoja.

"Yaya! Umekuja na miguu?"

"Na miguu."

"Na beseni ku kichwa! Weye! Na saa yako iko wapi?"

"Niliiuza."

Bilonda akacheka mpaka kikohozi kikamkamata. Akamsaidia kutua beseni. Ndipo Ernestine alipoona kwamba duara kwa duara, familia kwa familia, kila mwanamke aliyekuwa na unga kidogo alikuwa akitoa konzi moja na kuimwaga kwenye sufuria ya wale wasio na kitu. Siku mbili tu, na tayari! Wivu ukamkaba hapo hapo, kati ya watoto wanaokohoa.

"Bilonda, nakuuliza. Konzi ni ya nani?"

"Ya bajane."

"Ilianzaka kwa nani?"

"Kwetu, mustari wa…" Bilonda akasita. Akapangusa uso kwa mkono. "Ngoja kwanza. Hapana. Ni weye. Ku Foyer. Ulisemaka habari ya nkambo yako wa Musumba, ya mutu hatukumusikia akitwanga." Macho yake yakapanuka. "Aï, yaya. Nilisahau. Kweli ya Mungu, nilisahau."

Ernestine alikuwa na jibu la kila neno. Kama Bilonda angekana, alikuwa na jibu. Kama angeomba msamaha, alikuwa na jibu. Kusahau hakukuwamo katika maneno aliyoyapanga njiani. Aliyeibiwa ana mwizi, na mwizi huwa ni mwenzi wa namna fulani: humwogopa, humkwepa, humkumbuka. Miaka yote hiyo Ernestine alikuwa amelala na kuamka na mwizi wake, na kumbe mwizi hakuwa na habari. Alikuwa na kazi.

"Unataka nibaambie?" Bilonda akauliza.

Pale, mahali pale, mtu mwema angesema hakuna haja. Ernestine akasema, "Uwaambie."

Bilonda akapanda juu ya sanduku, akashika kiuno.

"Bamama! Musikie! Hii konzi munaita ya Bilonda, si ya Bilonda. Ni ya huyu mama, Ernestine, mwalimu wangu. Ni yeye alianzaka!"

Nyuso chache ziligeuka. "Merci, mama," akasema mmoja. Mwingine akampungia mwiko. Bibi mmoja kizee, aliyeketi juu ya kinu chake kama juu ya kiti cha kifalme, akainua kidevu:

"Alianzaka nini? Kwetu tunafanyaka vile tangu mbele ya bazungu kufika. Anaweka jina yake ku mukono ya batu?"

Wanawake wakaangua kicheko, cha kwanza siku ile. Bilonda alicheka juu ya sanduku lake. Ernestine alihisi uso ukimwaka. Kisha, kwa uchungu, bila kupenda, mdomo wake nao ukafunguka akacheka. Akapiga magoti, akaanza kugawa unga kwa kikombe.

Jioni ilipokaribia Bilonda alimsindikiza mpaka mwisho wa reli. Hakulia, wala hakumshukuru sana.

"Fût uliiona?"

"Niliiona."

"Usiache bamama bapunguze mukono, yaya. Banapunguzaka."

Jumapili Mwenze alikuja na kopo la rangi. Alikuwa amekwisha kusikia habari za beseni. Akalifuta jina la Bilonda kwa rangi ile, hakuandika lingine, akalichukua pipa, unga wake ukiwa umekwisha kugawiwa, kwenda kuwekea maji nyumbani kwake. Treni iliondoka wiki ile, mabehewa ya mizigo yaliyojaa watu, na Ernestine hakuiona. Baadaye zilikuja habari za waliokufa njiani. Majina hayakuja.

Aliendelea na kikapu. Kila Ijumaa, mwenyewe, kichwani, kwa wale waliokuwa bado na kitu cha kurudisha. Mara moja mtoto alimwona akakimbia mbele yake akiita, "Konzi ya Bilonda inakuja!" na mama yake akamziba mdomo kwa hofu.

"Mwache," Ernestine akasema.

Lakini tuseme kweli, ilimuuma. Na baada ya muda hata huko kuumwa kukapoa, na hilo likamtisha zaidi. Alijaribu kumchukia Bilonda kama zamani, akaona hakuna pa kushika. Aliitazama kamba tupu ya mstari wa tisa na hakupata cha kuhesabu.

Ulipita mwaka na nusu. Siku moja alikuja Rachid, mfanyabiashara wa samaki wakavu, mtu wa familia za Kiislamu zilizotoka Kasongo, ambaye lori lake lilifika mahali ambapo treni haikufika tena. Alikuwa mteja wa Ernestine kwa mashati ya kushonwa.

"Mama Ernestine, unashona vizuri lakini unashona polepole. Ningekuwa nimevaa hii shati kule Mwene-Ditu."

"Ulifika mpaka Kasai?"

"Nimetoka huko. Na nimeona mambo! Kuna mwanamke kati ya wale waliofukuzwa, kila asubuhi yuko kwenye mlango wa administrateur, mkubwa wa serikali kule, anagombania mashamba ya wajane. Askari wanamtoa, anarudi. Anapita na kikapu anakusanya unga. Wanasema uchaguzi ukija hakuna wa kumshinda. Wanamwita Mama Konzi."

Sindano ilisimama katikati ya kitambaa.

"Mrefu?"

"Mrefu. Sauti kama ya jogoo mwenye mafua."

"Anavaa kitenge gani?"

Rachid akashangaa. "Kitenge? Mama, mimi nauza samaki." Akafikiri. "Nilimwona mara mbili. Kile kile. Cha kahawia, kimechakaa."

Mama Konzi. Kule nako! Na jina lake Ernestine bila shaka limesahaulika tena, limebaki njiani, kati ya Kamina na Mwene-Ditu. Wivu ukamchoma pale pale pa zamani, chini ya titi la kushoto, mkali kama siku ya redio na maharagwe. Ernestine akaweka mkono juu yake, akaushika usitoroke. Machozi yalimtoka, na Rachid, asijue amesema nini kibaya, akaanza kuomba radhi.

"Hapana, tata," Ernestine akasema. "Umeniletea habari njema. Mtu hamwonei wivu marehemu."